Kwa mnaoanza masta ya sera Marekani na mnataka kuingia kamati ya kongamano

Wadogo zangu mnaokuja mwezi wa nane, karibuni. Wengi mmeniuliza lile swali moja, ile kamati ya wanafunzi inayoandaa kongamano la sera za umma na usawa wa rangi mjiunge au mkae pembeni kwanza mzoee baridi. Mi nasema jiungeni, tena wiki ya kwanza kabla masomo hayajawakaba. Nimekaa humo miaka miwili, wa kwanza nikiongoza mjadala na wa pili nikishika hela, na ntawaambia yale ambayo mi mwenyewe hakuna aliyeniambia.

Kama umewahi kuwa kwenye kamati ya harusi Dar basi uzoefu unao tayari, sitanii. Vikao kila wiki, mweka hazina anafukuzia ahadi za watu, kuna mmoja anaongea sana hafanyi kitu, kuna mmoja haongei na ndo anabeba shughuli yote. Tofauti ni kwamba huku hakuna meza kuu, hakuna mgeni rasmi wa kusubiriwa masaa mawili, hakuna "itifaki imezingatiwa". Ukiandika saa tatu asubuhi ni saa tatu kweli, na profesa mwenye jina kubwa anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yako anakula sendwichi. Ukumbi unauombea tangu mwezi wa tisa kwa shughuli ya mwezi wa tatu, wageni unawaandikia miezi minne kabla, na chakula agiza cha ziada na kiwepo kisicho na nyama na cha halali, hayo utayajua tu ukiwa ndani sitapoteza muda.

Nilipojikwaa mimi ni kwingine.

Mwaka wa kwanza nilipewa niongoze mjadala wa makazi. Nimevaa koti, nina maiki, nikaona nianze na ka-utangulizi ka kuchangamsha watu, nikasema kwetu Tanzania mambo haya ya rangi hatunayo, sisi wote ni ndugu, mi hata sikujua kama ni mweusi mpaka nilipoteremka ndege. Wengine wakacheka kwa adabu. Sasa kati ya wachangiaji alikuwepo mama mmoja mtu mzima sana, mmarekani mweusi, siyo msomi, alialikwa kwasababu nyumba ya bibi yake ilibomolewa kupisha barabara kuu. Akanigeukia taratibu akaniuliza, huko mjini kwenu wazungu walikuwa wanakaa wapi? Nikajibu Oysterbay. Na Wahindi? Nikasema Upanga, Kisutu huko. Na nyie? Kariakoo, Ilala. Akauliza, na nani aliwapanga hivyo?

Aisee. Nilibaki nimeshika maiki kama mtu aliyesahau mistari ya kaswida.

Usiku ule sikulala nikaingia maktaba ya mtandaoni kusoma habari za mji wangu mwenyewe, aibu iliyoje, mtoto wa Ilala anasoma Dar es Salaam akiwa kwenye theluji. Wajerumani walianza kuugawa mji, Waingereza wakaja wakaendeleza, kanda tatu: ya kwanza nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili za kuishi na biashara, ya tatu nyumba za "kienyeji" yaani udongo, miti na makuti. Ule uwazi wa Mnazi Mmoja ambao tumecheza mpira na kusikiliza mihadhara uliachwa makusudi utenganishe mji wa biashara na Kariakoo, kisingizio kikiwa afya. Alafu angalia ujanja wake, kanuni zilikuwa zinaongelea aina ya jengo. Hazisemi mweusi asikae hapa, zinasema nyumba ya makuti isijengwe hapa. Na lugha yetu yenyewe ikaweka kumbukumbu, tunasema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, mpaka leo Dodoma kuna Uzunguni na Mbeya kuna Uhindini na hakuna anayeshtuka.

Nawaambia haya kwasababu ndo ufunguo wa kuelewa mijadala ya huku. Mtakuta watu wanataja ramani nyekundu kila dakika tano. Ni hivi: 1933 serikali ya Marekani iliunda shirika la kuokoa mikopo ya nyumba, HOLC, na kuanzia 1935 wakachora ramani za miji zaidi ya 200, kila mtaa ukapewa daraja. A kijani, B bluu, C njano, D nyekundu. Mtaa wenye weusi ulipigwa nyekundu karibu kila mahali, maana yake hatari kukopesha. Shirika lingine la serikali nalo likawa linadhamini mikopo ya nyumba kwa mtazamo huohuo, kwahiyo wazungu wakajenga na kurithisha, weusi wakapanga. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba ilikuja 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Ramani zenyewe University of Richmond wameziweka bure mtandaoni. Kabla hujaja kwenye kikao cha kwanza tafuta mji unaohamia, tafuta mtaa utakaopanga, soma yale maelezo waliyoandika wakaguzi, wameandika kwa lugha ya kawaida kabisa kama mtu anaandika orodha ya sokoni.

Mwaka wa pili tuliwapeleka wageni kwa basi hadi St. Paul, Minnesota, kuona ilipokuwa Rondo. Ulikuwa mtaa wa weusi wenye makanisa, vinyozi, maduka, ukapasuliwa katikati na barabara ya I-94 miaka ya 50 na 60, familia mia kadhaa zikahamishwa. Mwaka 2015 meya na idara ya barabara waliomba radhi hadharani. Tulisimama juu ya daraja magari yanapita chini, kelele mpaka mnaongea kwa kupiga ukelele, na mwenzetu mmoja wa Nairobi akasema tu "Hii ni kama kusimama Kibera kwenye ile barabara mpya," akanyamaza. Sehemu ile ilifundisha kuliko paneli zote za asubuhi, na gharama ilikuwa basi na maji ya kunywa. Kama mna bajeti ya kitu kimoja tu, kodisheni basi.

Sasa kuhusu paneli zenyewe. Watu huku wanaongea vizuri mno, utatoka umejaa machozi na hujui hata sheria moja. Ukiwa unaongoza mjadala, mrudishe mtu chini kwa upole: sheria gani, ilipita mwaka gani, hela ilitoka wapi ikaenda wapi, nani aliachwa nje. Mfano mzuri ni ile sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, pensheni na mafao ya wasio na kazi, ukiisoma huoni popote wameandika mweusi aachwe nje, ila wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani hawakuwemo. Kusini wakati ule dada wa kazi alikuwa nani, kibarua wa pamba alikuwa nani? Ndo hivyo. Au sheria ya madawa ya kulevya ya 1986: gramu 5 za crack, yaani cocaine ya vipande iliyohusishwa zaidi na mitaa ya weusi, kifungo cha chini miaka mitano, ila cocaine ya unga mpaka ufikishe gramu 500 ndo upate kifungo hichohicho. Mia kwa moja. Ikapunguzwa 2010 ikawa 18 kwa moja, angalia vizuri, hawakuifanya sawa kwa sawa, waliipunguza. Namba kama hiyo ukiiweka kwenye slaidi peke yake ukumbi unatulia bila hotuba.

Kingine ambacho kitawauma kidogo. Mtatumiwa. Chuo kinapenda picha, na wewe uliyeshuka juzi utaombwa usimame katikati ya picha kama mwakilishi wa weusi. Usizungumze kwa niaba ya watu ambao hujaishi maisha yao, na pia usiwadharau, maana kuna wabongo na wakenya wanakuja na ile kasumba ya "wenzetu wa huku wavivu, mbona sisi tumeweza". Wewe umeweza kwasababu mlango uliukuta wazi. Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliyofuta mgao uliopendelea Ulaya ilipita mwaka mmoja baada ya sheria ya haki za kiraia, na waliopigwa na kuwekwa ndani kwa ajili ya vuguvugu lile ni hao hao babu zao, wengi wakiwa wanafunzi. Ile SNCC yenyewe, chama cha wanafunzi cha kupigania haki za weusi, ilizaliwa kwenye mkutano wa wanafunzi, April 1960 huko Raleigh, Ella Baker ndo aliyewaita, miezi miwili na kitu baada ya vijana wanne weusi kukaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu tu huko Greensboro wakakataa kuondoka. Kwahiyo wanafunzi kuandaa kongamano siyo kitu kidogo huku, usikichukulie kama klabu ya mdahalo.

Hela. Tangu amri za rais za Januari 2025 dhidi ya programu za DEI, yaani za usawa na kujumuisha watu wa kila aina, wafadhili wameingiwa ubaridi. Ofisi moja iliyokuwa inatupa hela kila mwaka ilijitoa kwa imeili ya mistari miwili, hata asante haikuwepo. Tukapitisha kofia kwa wahitimu wa zamani, michango kama ya harusi kweli sasa, na ikatosha kwa kubana. Wenye viza ya mwanafunzi, F-1, msilazimishwe kukaa mbele kwenye picha wala kusaini mikataba, mwachieni raia, na mtu asimwite mwoga anayeomba jina lake lisiwekwe kwenye ratiba.

Nimalizie na yule mama. Kwanza mi nilikuwa namwita jina lake kavu kama wamarekani wanavyoitana, mwenzangu wa kamati mmarekani mweusi akanivuta pembeni akaniambia mtu mzima wetu haitwi hivyo, unatanguliza Miss alafu jina. Kumbe adabu ni ileile, shikamoo tu ndo haipo. Tulimwahidi posho ya dola 200. Profesa aliyetoka mbali alikuwa na tiketi ya ndege na hoteli vimelipwa kabla hajafika, yule mama aliyeacha kazi yake siku nzima akaja kwa basi alisubiri wiki 11, kwasababu hatukumpa fomu ya kodi, ile W-9, na bila hiyo ofisi ya malipo haitoi hata senti. Nilimpigia simu mara tatu kuomba radhi na mara zote alinijibu vizuri, hiyo ndo iliniumiza zaidi. Kongamano la usawa, na mtu pekee aliyecheleweshewa hela ni yeye.

Mwaka uliofuata tulimwalika tena, fomu nilimpelekea mwenyewe nyumbani mwezi wa kwanza, tukajaza mezani kwake na chai, hundi ikawa tayari siku ya shughuli. Aliikunja akaitia kwenye pochi bila kuiangalia akaniuliza kama nimeshasoma habari za mji wangu.

Fomu tupu zipo kwenye folda ya kamati, nimeziweka juu kabisa. Wapelekeeni wasio na chuo kwanza, kabla ya mwezi wa pili, maprofesa watajijazia wenyewe.