Mamangu yuko wapi saa hii?

SWALI: Shangazi, mama tulimzika majuzi, mtu wa kulisha jirani yeyote. Msabato mmoja hapa Likoni asema amelala tu, Wakatoliki watuambia tumuombee atoke toharani, nishike lipi?

JIBU: Pole sana mwanangu. Wasabato washika Mhubiri 9:5, wafu hawajui kitu mpaka wafufuliwe. Kwa Wakatoliki toharani ni ya kusafisha waliokwisha okoka, si jehanamu, na hapo wengi huchanganya kabisa. Waprotestanti wengi hawaikubali, wao na Luka 23:43, yule mhalifu msalabani aahidiwa peponi leo leo. Lakini wote wangoja Yesu arudi ahukumu, na Mathayo 25 yauliza nani alilisha wenye njaa, kwa hivyo mimi kwa mamako nina matumaini makubwa.