Masuali Yenu: Damu Imeniandama Tangu Sindano

Suali: Assalamu alaykum. Nina watoto wanne, mdogo ana mwaka na miezi mitatu. Miezi miwili iliyopita nilichoma sindano ya uzazi wa majira, ile ya miezi mitatu, kwa mara ya kwanza. Tangu hapo natokwa na damu: leo tone, kesho imekatika, keshokutwa imerudi. Sala zinanipita, mume ananuna, na jirani kaniambia damu nyengine imeganda tumboni. Niache?
*Mama wa Wete, Pemba*

Jibu: Waalaykumu ssalaam. Tuanze na la jirani: hakuna damu iliyoganda. Kila mwezi mfuko wa uzazi hujijengea utando kwa ndani, na mimba isipotunga utando ule hubomoka ukatoka. Hiyo ndiyo hedhi. Dawa uliyochomwa, miligramu 150 ndani ya mililita moja, huuzuia utando usinenepe. Unabaki mwembamba, na vijishipa vyake vinakuwa dhaifu, vinavuja huku na huku bila mpango. Ndiyo maana leo tone, kesho kavu. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye fujo. Wanaoendelea hadi mwaka, karibu nusu yao hedhi hukata kabisa, na hapo maneno ya "damu imejifungia" huanza upya. Haijajifungia popote. Hakuna kilichojengwa cha kubomoka.

Ipime kwa pedi au kitambaa, usiipime kwa hofu. Inayochafua kidogo mara moja au mbili kwa siku haina madhara, ingawa inachosha. Ikiwa ni mara mbili ya hedhi yako ya zamani, au imekwenda mfululizo kupita siku 8, rudi kituoni bila kungoja tarehe ya sindano. Dawa mojawapo wanayoweza kukupa ni asidi ya mefenamiki, miligramu 500 mara mbili kwa siku baada ya kula, kwa siku 5. Mwenye vidonda vya tumbo aseme kabla hajaandikiwa. Omba na vidonge vya kuongeza damu, na usivinywe pamoja na chai, kwani chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Acha saa moja au mbili zipite. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke.

Lakini pedi ikirowa chapachapa ndani ya saa moja, na ya pili vile vile, usilale nyumbani. Nenda hospitali ya Wete usiku huo huo. Na damu inayokuja na maumivu ya chini ya kitovu, uchafu wenye harufu, au inayoanza ghafla baada ya miezi mingi ya ukavu, isisingiziwe sindano tu. Upimwe mimba, maambukizi, na shingo ya kizazi iangaliwe.

La sala lina mwenyewe, naye ni ustadhi wako. Ila mpelekee hesabu kamili: hedhi yako ya zamani ilikuwa siku ngapi, sasa damu imetoka tarehe zipi, rangi yake ipi. Tia alama kwenye kalenda kila siku. Wapo wanaoacha kusali miezi miwili mizima kwa damu ambayo huenda ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, na istihadha haizuii sala.

Tarehe nayo watu wanaichezea. "Miezi mitatu" ya sindano hii ni wiki 13, yaani siku 91. Aliyechoma Jumatatu 5 Januari 2026, siku yake ni Jumatatu 6 Aprili. Sasa tazama kalenda: hiyo ni Jumatatu ya Pasaka, na kesho yake ni Siku ya Karume. Huenda ukafika ukakuta kliniki imefungwa. Unaruhusiwa kuwahi hadi wiki mbili kabla, kwa hivyo nenda Alhamisi 2 Aprili umalize. Ukichelewa, una wiki nne za ziada, hadi 4 Mei, na utachomwa bila masharti. Ukipita hapo, muuguzi lazima ahakikishe huna mimba, na utumie kondomu siku 7 baada ya kuchomwa. Wiki nne hizo ni za dharura: boti haikuja, mtoto kaumwa, dawa imekwisha kituoni. Usizifanye ndiyo tarehe yako.

Ukiwa pale kitini, angalia kichupa. Dawa hii ni nyeupe kama tui, na ikikaa inatuama chini. Lazima itikiswe kwanza, la sivyo unaingizwa maji na dawa inabaki kwenye kichupa. Wala pasisuguliwe wala kukandwa kwa maji moto baada ya sindano. Dawa itanyonywa haraka na nguvu zake zitaisha kabla ya wakati.

Ukiamua kuacha, ni haki yako. Ila chagua njia nyengine siku hiyo hiyo. Mama mwenye mtoto wa mwaka na miezi mitatu anayeacha ili "apumzike kidogo" mara nyingi hurudi kliniki kwa mlango wa wajawazito.

Suali: Natumia vidonge, nakunywa saa 2 asubuhi kila siku. Ramadhani nifanyeje? Na ni kweli naweza kuzuia hedhi nifunge mwezi mzima?
*Msomaji, Makunduchi*

Jibu: Usingoje mwezi uandame. Wiki moja kabla, hamisha saa. Siku ya kuhama kunywa cha asubuhi kama kawaida, kisha cha kesho kiwahishe ukinywe usiku huo huo, saa 3, watu wakitoka tarawehe. Kuwahisha hakuna ubaya. Kuchelewesha ndiko kunakoharibu. Daku hatuipendekezi, maana siku utakayopitiwa na usingizi kidonge nacho kimepita.

Kama vyako ni vile vya anayenyonyesha, vyenye homoni moja, kuwa makini zaidi: kikichelewa kwa muda wa zaidi ya saa 3, kinywe ukikumbuka na utumie kondomu siku 2. Vya homoni mbili vinasamehe zaidi. Ukisahau kimoja au viwili, kunywa mara unapokumbuka, hata kama vitakuwa viwili kwa siku, uendelee. Vitatu mfululizo, kunywa na uongeze kondomu siku 7. Ukitapika kabla saa 2 hazijapita baada ya kumeza, rudia kingine.

Kuhusu kufunga mwezi mzima: pakiti ya homoni mbili ina vidonge 21 vya dawa na 7 visivyo na homoni, mara nyingi vya rangi ya kahawia. Hedhi huja ukiwa kwenye hivyo 7. Ukiviruka ukaanza pakiti mpya kesho yake, hedhi haiji, au huja matone. Kwa mwenye afya hakuna madhara. Lakini wasianze kwa ajili ya Ramadhani wenye presha ya 140/90 kwenda juu, waliowahi kuganda damu miguuni, au wenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli. Na usiazime pakiti ya shoga yako. Kituo cha serikali hupimi presha kwa pesa.

Suali: Mke wangu aliacha sindano, sasa ni miezi minane hajashika mimba. Wamemuharibu?
*Baba, Micheweni*

Jibu: Hawajamuharibu. Hesabu yako inaanzia wapi? Baada ya sindano ya mwisho kuchomwa, wengi huchukua kama miezi 10 hadi mimba itunge, wengine zaidi, kwani dawa hutoka mwilini polepole. Aliyekaa na sindano miaka mitano hachelewi zaidi ya aliyechoma chache. Mwaka ukipita tangu siku aliyotakiwa kurudi na bado kimya, nendeni wote wawili. Wote wawili, baba: kipimo cha mbegu zako ni rahisi kuliko vingi atakavyofanyiwa yeye, kwa hivyo anza wewe.

Suali: Nimejifungua, nanyonyesha. Mama mkwe anasema sina haja ya kinga hadi mtoto aache ziwa.
*Mzazi mpya, Bumbwini*

Jibu: Mama mkwe ana haki nusu. Ziwa linakinga ikiwa mambo matatu yapo pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na anakula ziwa tupu, mchana usipite muda wa saa 4 na usiku usipite muda wa saa 6 bila kunyonya. Akionjeshwa uji mwepesi au maji mara kwa mara, kinga imevunjika. Na mimba inaweza kutunga kabla hujaona hedhi yoyote, kwani yai hutangulia.

Kijiti cha mkononi kinawekwa hata kabla hujatoka hospitali. Kitanzi cha mfuko wa uzazi kinawekwa ndani ya saa 48 za kujifungua. Zikipita, subiri wiki 4. Sindano ni wiki 6, yaani arubaini na siku mbili, na vidonge vya homoni mbili ni baada ya miezi 6. Siku unayompeleka mtoto chanjo, uliza dirisha la uzazi wa majira. Mara nyingi ni kituo hicho hicho.