Ejenti wetu anasajili mteja mmoja mara tatu, tatizo ni modeli?

SWALI: Habari za kazi. Niko timu ya mauzo, tumeunganisha ejenti wa AI, yaani programu inayofanya kazi yenyewe kwa kutumia zana tunazoipa, na sistimu yetu ya wateja. Nikimwambia amtafute mteja wa zamani anaenda kumtafuta kwenye lidi (watu ambao bado hawajawa wateja), akimkosa anamsajili upya, sasa kuna watu wako humo mara tatu. Juzi kafunga dili kama tumeshinda wakati mteja kasema tu "tutaongea wiki ijayo". Zana moja tumeiandikia "Hutafuta mteja", nyingine "Hutafuta rekodi za wateja". Fundi anataka tununue modeli kubwa zaidi, yaani ule ubongo wa ejenti, ni sawa? Na maelezo tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza?
— Nimechoka Kufuta Majina

JIBU: Pole ndugu yangu. Hiyo hela ya modeli kubwa ishikeni kwanza, maana jibu umeliandika mwenyewe kwenye swali. "Hutafuta mteja" na "Hutafuta rekodi za wateja", hebu niambie tofauti iko wapi? Hata mimi hapo ningepiga ana ana ana do.

Ejenti haoni maandishi ya programu yaliyo nyuma ya zana, wala hajui mazoea ya ofisini kwenu. Anachokiona ni jina la zana, maelezo yake, na orodha ya parameta (taarifa anazotakiwa kuijazia zana) na aina zake, basi. Iwe mnatumia MCP, ule utaratibu wa kuunganisha ejenti na zana uliotoka Novemba 2024, au njia nyingine, ni yale yale. Kwenu lidi ni mtu ambaye bado hajaiva na kontakti ni mtu mnayemjua tayari, ila hilo liko vichwani mwenu, kwenye maelezo halipo.

Mimi ningeandika hivi: "Inatafuta kontakti, yaani watu waliokwisha kuunganishwa na kampuni. Usiitumie kwa lidi ambao hawajageuzwa kuwa kontakti, hao tumia tafuta_lidi. Kama una barua pepe anza nayo, majina yanafanana. Asipopatikana inarudisha orodha tupu, na hapo tafuta kwenye lidi kabla ya kusajili mtu mpya." Umeona hiyo sentensi ya mwisho? Hapo ndipo marudio yenu yanapozaliwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kukosa kumpata si ruhusa ya kusajili. Irudie na kwenye zana ya kusajili, na fundi aifanye sistimu yenyewe ikatae barua pepe iliyopo, lakini ikikataa isiseme tu "era 400" (namba ya kosa isiyoeleza kitu), iseme "kontakti huyu yupo, ID yake ni hii", ejenti ataichukua hiyo ID aendelee na kazi.

Kwenye parameta watu wengi wanakuwa wavivu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ukiandika "tarehe" peke yake, 03/04/2025 itakuwa Aprili 3 kwa mmoja na Machi 4 kwa mwingine, kwa hiyo sema wazi mwaka-mwezi-siku, 2025-04-03. Kiasi ni namba tupu bila koma, na sema ni sarafu gani. Kwa ID weka mfano wa sura yake, kwa mfano kwenye Salesforce, sistimu mojawapo ya wateja, ID za kontakti huanza na 003, za lidi 00Q na za dili 006, ukilitaja hilo ejenti anaweza kushtuka mwenyewe kabla hajatuma ID ya lidi kwenye zana ya kontakti.

Dili lililofungwa kimakosa ni kesi nyingine. Kumpa orodha ya hatua za dili achague haitoshi, kila hatua iandikie inamaanisha nini: kushinda ni pale mteja amesaini au ametuma oda, ahadi ya mdomo haihesabiki. Halafu, tafadhali, maelezo si kufuli. MCP ina alama za kuonyesha kwamba zana fulani inasoma tu au inaharibu data, lakini hizo ni dokezo tu, kwa hiyo kufunga dili na kufuta rekodi wekeni mtu abonyeze kukubali.

Ila usije ukamwaga insha, maelezo yote yanaingia kwa modeli kila mara na yanakula nafasi. Jambo kubwa liwe sentensi ya kwanza. Ukimaliza, ficha majina ya zana, mpe mwenzako maelezo matupu akuambie ipi ni ipi, akikwama rudi ukaandike. Kisha chukua maombi kumi ya kweli ya timu yako, uangalie ejenti anachagua zana gani, rekebisha maelezo moja moja ili ujue lipi limesaidia. Akiendelea kukosea baada ya hapo, sawa, fundi wako asikilizwe.

Kuhusu lugha, andika ile ambayo wewe na fundi mnaielewa vizuri zaidi, modeli kubwa za siku hizi zinasoma zote mbili. Ila thamani zilizomo kwenye sistimu usizitafsiri hata kidogo, kama hatua imeandikwa Closed Won (dili limefungwa, mmeshinda), iache hivyo hivyo herufi kwa herufi, ueleze maana yake pembeni.