Amilesi iko sawa, mbona bega linauma baada ya ERCP?

SWALI: Daktari, mimi ni tabibu katika kliniki moja mtaani Umoja, Nairobi. Mama wa miaka 58 alitolewa vijiwe kwenye mrija wa nyongo kwa ERCP (kamera inayopitishwa mdomoni hadi utumboni ili kufikia mrija huo) siku ya Jumatatu, akaruhusiwa kwenda nyumbani Jumanne. Jumatano jioni amefika akishika ubavu wa kulia, na maumivu yanapanda hadi begani. Amilesi (kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu) ni ya kawaida, choo si cheusi, lakini himoglobini imeshuka kutoka 12.4 hadi 9.1. Nimtibu vidonda vya tumbo?

JIBU: La, tabibu. Vidonda vya tumbo viache kwanza. Umefanya vyema kurudia himoglobini, maana wengi wakishaona amilesi iko sawa humpa mgonjwa dawa ya maumivu na kumwambia aende zake. Amilesi hiyo inakupunguzia hofu ya kongosho kuvimba, ambalo ndilo tatizo la kawaida zaidi baada ya ERCP. Kuhusu ini haikuambii lolote.

Ninaloshuku ni damu kuvilia chini ya ganda la ini. Ni tatizo adimu, ila dalili zako zinaelekea huko. Waya elekezi unaopitishwa mrijani wakati wa ERCP, ambao unene wake haufiki milimita moja, ukisukumwa mbali mno hutoboa vijirija vya nyongo vilivyo ndani ya ini na kujeruhi vijishipa vya damu vya jirani. Damu hujikusanya kati ya nyama ya ini na ganda lake, mara nyingi upande wa kulia. Ganda likivutika linauma. Kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio juu yake, kikisumbuliwa, maumivu husikika begani.

Kama damu ingekuwa inatoka pale tundu la mrija wa nyongo linapokatwa ili vijiwe vipite, ingemwagika utumboni, na ungetarajia choo cheusi au matapishi ya damu. Hata hivyo usilifute hilo kabisa, kwa sababu kidonda hicho kinaweza kuvuja hata wiki moja baadaye. Utumbo uliotoboka nao huleta maumivu na homa, na hewa huonekana nyuma ya tumbo kwenye skani. Hewa kuingia kwenye mishipa ya damu, ajali nyingine adimu, kwa kawaida hujitokeza mgonjwa akiwa bado mezani.

Usiku huu weka kanula mbili nene, pima kundi la damu na uombe damu ilinganishwe. Asile chochote kwanza. Diklofenaki na aspirini usimpe. Parasetamoli yatosha kuanzia. Ukiwa na ultrasaundi itumie, lakini damu mbichi hufanana na ini lenyewe, kwa hiyo picha safi isikutulize. Anahitaji skani ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Mpeleke kwa ambulensi, tena kwenye hospitali yenye CT, benki ya damu na daktari wa upasuaji. Foleni ya Jogoo Road si mahali pa kugundua kwamba presha imeshuka.

Mpigie aliyefanya ERCP umwulize waya uliingia hadi wapi, kama tundu lilikatwa, na kama stenti ya plastiki (kijibomba cha kuacha mrija wazi) imeachwa ndani.

Presha ikiwa imara, wengi hutibiwa bila kisu: kulazwa, antibiotiki ya mshipani, na himoglobini kila baada ya saa 6 mpaka itulie. Damu ikiendelea kuvuja, mtaalamu wa eksirei huziba mshipa husika kwa kupitia paja. Upasuaji hubakia kwa aliyezidiwa au ambaye ganda limepasuka. Asitokee mtu wa kuingiza sindano ili “kutoa damu chafu”: ganda lililokaza ndilo linalobana mahali panapovuja, na sindano inaweza kuingiza vijidudu. Mrija wa kuitoa huwekwa damu ile ikishaoza na kuwa usaha, au inapobana ini.

Akiruhusiwa, asibebe mitungi ya maji kwa wiki kadhaa, na ultrasaundi irudiwe, kwani damu hiyo huchukua wiki hadi miezi kuisha. Homa ikipanda katika kipindi hicho, arudi siku hiyohiyo.