Wanaofanana na Phoebe Bridgers

Kama unampenda Phoebe Bridgers, yule mwimbaji wa Marekani wa nyimbo za majonzi, na unatafuta wanaofanana naye, anza na Julien Baker na Lucy Dacus, chalii yangu. Hao ndio wenzake wa boygenius, kundi walilounda 2018, na kila mmoja ana albamu zake. Baker ndiye wa karibu zaidi kwa majonzi; Dacus ametulia, anasimulia. Mapendekezo ya programu za muziki mimi nimeyachoka, yananirudishia walewale. Naangalia nani kashirikiana na nani, na lebo gani, yaani kampuni ya muziki, imetoa albamu zao. Phoebe ana lebo yake, Saddest Factory, aliianzisha 2020. Huko ndiko nilikompata mwanamuziki Claud, nimekaa siti ya nyuma kwenye daladala ya Ngaramtoni. Kundi la MUNA nao walitoa albamu kwenye lebo hiyo 2022, ila hao ni wa kuchezeka, usitegemee gitaa la kilio.