Nimepiga kila mlango wa Lamu, sasa nipige nini?

SWALI: Assalaam alaikum ami. Mimi nakaa Langoni hapa Lamu, picha ni hobi tu, kazi yangu ni nyengine kabisa. Nilianza miaka kama kumi nyuma na kikamera cha mtumba alichoniletea mjomba kutoka Mombasa, wakati huo silali, alfajiri niko baharini, punda, milango ya nakshi, mashua, jua likichomoza upande wa kisiwa cha Manda, memori kadi inajaa asubuhi moja. Siku hizi nazunguka mpaka mtaa wa Mkomani narudi na picha mbili tatu na hizo pia sizipendi. Jamaa mmoja kaniambia kamera imepitwa na wakati, ninunue mpya na lenzi kubwa. Pesa naweka kidogo kidogo. Ninunue ama niache hobi yenyewe?

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu. Pesa zikae kwanza. Kamera haina neno, ni jicho lako limekua na miguu bado inakupeleka kulekule kwa zamani.

Wengi wanaopiga kwa mapenzi hupitia hivyo. Mwanzo unapiga vitu, huu mlango, huyu punda, unavikusanya tu. Halafu yaja maradhi ya vifaa, hapo ndo alipo huyo jamaa yako, kila picha mbaya lawama kwa lenzi, na mfuko unatoboka picha ni zilezile. Cartier-Bresson yule mpiga picha Mfaransa sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya na lenzi ya milimita 50, lenzi ndogo ya kawaida tu. Ukishapona hayo ndo unaanza kuuona mwanga kabla ya kitu chenyewe, na barua yako inanambia umeshafika hapo ila hujajijua.

Angalia mji wako. Lamu inatazama mashariki, asubuhi jua linaipiga barabara ya baharini usoni, jioni nyumba zinalikinga na pwani inaingia kivulini mapema. Na kwa vile tuko karibu na ikweta jua linapanda wima, ule mwanga laini wa asubuhi ukichelewa kidogo kwa chai ushaukosa. Sasa wenzako wakishafunga kamera saa sita mchana wewe ingia vichochoroni, jua linapiga ukuta wa chokaa upande mmoja linarudi upande wa pili limelainika, mtu akikaa barazani uso unaonekana vizuri bila flashi. Ila kamera ikiona chokaa nyingi hudanganyika, inapunguza mwanga ukuta unatoka kijivu, basi ongeza stopu moja hivi, yaani mwanga mara mbili.

Lakini mwanga peke yake utakuchosha pia, mimi naona kinachobakisha mtu kwenye hobi hii ni kurudi. Nenda Matondoni kwa mafundi wa majahazi, chagua chombo kimoja, anza nacho kikiwa mkuku, ule uti wa chini, na mataruma, yaani mbavu zake, mpaka siku ya kushushwa majini. Siku ya kwanza kamera ibaki mkobani, salimia, kaa, omba ruhusa. Ukizoeleka utaona mambo ambayo mpita njia haoni, kwa mfano fundi anavyoisokota pamba yenye mafuta kwa vidole kabla ya kuishindilia kati ya mbao, na anavyonyamaza akisikiliza nyundo kama mbao imeshika. Halafu kasafishe picha uwapelekee, karatasi kabisa, si kuwatumia kwa simu. Hii tabia ya kuwavizia watu kwa lenzi ndefu, hasa kina mama wa buibui wakipita zao, iache, ni utovu wa adabu bana na picha zenyewe huwa baridi.

Na usiseme mji ni mdogo umeumaliza. Marehemu Omar Said Bakor, mpiga picha wa Studio Bakor, alifanya kazi Lamu hiyohiyo, akawa anaunganisha picha kwa mkono, uso wa mtu ndani ya maua, zama ambazo hakuna kompyuta ya kumsaidia.

Ukirudi kwa jahazi hilo miezi kadhaa na bado huna hamu, haya, uza kamera na mimi sitakulaumu.

SWALI: Ami mimi ni binti wa Malindi, nina simu tu, nimeanza juzi. Bahari yetu sasa hivi imekuwa kama chai ya maziwa, picha hazitoki buluu kama za Watamu. Nitumie programu gani ya kubadilisha rangi?

JIBU: Usibadilishe mwanangu, huo ni udongo wa mto Sabaki unaomwagika hapo kaskazini ya mji, na ndo Malindi yenyewe. Bahari za buluu zimejaa kwenye Instagram hazina hesabu. Amka saa kumi na mbili jua linapotoka baharini, piga hayo maji mekundu na wavuvi wanaoingia nayo, na ufute lenzi ya simu kwa kitambaa laini maana chumvi ikiganda pale kila picha inatoka na ukungu, wengi hulaumu simu bure.