Ubeti wa pili unaboa? Angalia kisa chako kimeishia wapi

SWALI: Shikamoo kaka. Mi natunga nyimbo, napiga na gitaa mwenyewe. Nina wimbo wa jamaa aliyeachwa, ubeti wa kwanza anasema usiku hapati usingizi, wa pili anasema hata kula hali, kiitikio kinaimbika vizuri tu, ila tukifika ubeti wa pili naona watu wanatoa simu zao mfukoni. Rafiki yangu anayeandika hadithi kaniambia shida sio melodi, shida sijui kupanga kisa, eti niweke mwanzo, kati na mwisho. Nikaweka vyote, wimbo ukawa dakika saba! Nifanyeje? Na je, kila wimbo lazima uwe na hadithi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako kasema kweli, ila kakupa nusu. Hayo ya mwanzo, kati na mwisho yapo tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na mwaka 1863 Mjerumani mmoja, Gustav Freytag, akayapanga kama piramidi: mambo yanapanda, yanafika kileleni, yanashuka. Safi kabisa kwa mchezo wa jukwaani ambao watu wamekaa kitako masaa mawili. Wimbo hauna huo muda. Zile santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, sahani ya inchi 10 upande mmoja ulikuwa unabeba kama dakika 3 tu, watunzi wakajifunza kubana, na masikio yetu yakazoea hivyo mpaka leo japo hakuna tena sahani ya kutubana.

Lakini muda sio tofauti kubwa. Tofauti kubwa ni kwamba hadithi inasonga mbele moja kwa moja, wimbo unasonga halafu unarudi palepale kwenye kiitikio, unasonga tena, unarudi tena. Kwa hiyo kazi ya ubeti ni kubadilisha kitu ili maneno yaleyale ya kiitikio yakirudi yawe na uzito mwingine. Jamaa yako ametoka kutolala akaenda kutokula, yaani hajaenda popote, na msikilizaji kashalijua hilo kabla hujamaliza mstari, mwache achukue simu yake.

Ngoja nikutungie mfano wa haraka, usinicheke. Kiitikio kiwe "niko njiani, nakuja". Ubeti wa kwanza jamaa bado yuko kitandani kajifunika, mpenzi wake kapiga simu, anamjibu niko njiani nakuja. Uongo mtupu, watu wanacheka. Ubeti wa pili imepita miaka, mpenzi kalazwa hospitali, jamaa safari hii anakimbia kweli, jasho linamtoka, niko njiani nakuja, ila huku upande wa pili nani atamwamini? Ubeti wa tatu jamaa ndo anapiga simu, na sauti ya mpenzi inamjibu niko njiani nakuja, wakati tumeshaonyeshwa kwamba sanduku lake la nguo limefungwa na funguo kaziacha mezani. Kiitikio hatujakigusa hata herufi moja. Kilichobadilika ni anayesema, anayeambiwa, na kile ambacho sisi tunaosikiliza tunakijua lakini anayeambiwa hakijui.

Halafu ona, miaka imepita kati ya ubeti na ubeti na hakuna aliyelalamika. Kiitikio kinafanya kazi ya pazia, likifunguka tena uko sehemu nyingine, huna haja ya kueleza walifikaje. Nahisi dakika zako saba ziko humohumo, kwenye kueleza. Walikutanaje, nani aliwatambulisha, walipendana vipi, toa vyote. Horace, mshairi wa Kirumi, alishawasifu wanaoingia katikati ya mambo, na mwenye wimbo anaihitaji hiyo kuliko mtu yeyote. Anza siku anaachwa, hata saa ile anaachwa.

Na hisia zisitajwe sana. Funguo mezani zimeshasema "nimeondoka" na "nimechoka" kwa mpigo, ukiongeza moyo umevunjika unakuwa unamtafsiria mtu kitu alichoshakielewa.

Na briji, kile kipande tofauti kinachokuja mara moja kabla ya kiitikio cha mwisho, je? Wengi wanaitumia kupandisha sauti tu. Mi naona ndo sehemu ya kusema lile ambalo mhusika amelikwepa wimbo mzima, mfano jamaa akiri kwamba hata siku ile ya kwanza alikuwa na muda wa kwenda, hakutaka tu. Ukishasema hilo, kiitikio cha mwisho kitauma chenyewe. Kama huna cha namna hiyo, usiweke briji, hakuna atakayekudai.

Kuhusu swali la pili, hapana, sio lazima. Kuna nyimbo ni hali moja tu, mtu ana furaha anataka kucheza, basi, ukimpa kisa unamkata stimu. Hapo kinachotakiwa ni kujua nani anaongea na anamwambia nani, halafu beti ziwe fupi, watu wafike haraka kwenye kiitikio walichokuja kukiimba. Ila wimbo wako wa kuachwa, uliokwisha kuuanza na jamaa asiyelala usiku, huo umeshaahidi kisa, kwa hiyo mi ningeufuta ubeti wa pili wote na kumpa nafasi dada aliyemwacha aongee, maana mpaka sasa hatujamsikia.